Kifungu cha Kumi na Moja

Seremala alicheka siku aliyotia sahihi mkataba wa kuiuzia majeneza kampuni ya mazishi. Kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba mtu yeyote akilalamikia jeneza, si kampuni itakayojibu. Ni fundi ndiye atakayesimama mahali pake, aombe radhi na kufidia.

"Wateja wangu hao?" akamwambia karani huku akifuta machozi ya kicheko. "Miaka ishirini hii, hajarudi hata mmoja kulalamika!"

Mzaha ule ndio uliomharibu. Kampuni ilitaka majeneza sita kwa wiki, naye, akijua maiti hana mdomo, akaanza kufunga vishikio kwa misumari mifupi badala ya skrubu. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kupigiwa honi na gari la kampuni. Nyumbani alisema anatengeneza makabati, maana mama yake hakutaka kusikia riziki itokayo kwenye misiba.

Kisha mdogo wake akafa, kitinda mimba wa mama. Seremala alikuwa mbali akinunua mbao, na jeneza likaagizwa kwa kampuni. Alifika makaburini moja kwa moja kutoka safarini, akaitambua kazi ya mikono yake, akanyamaza. Hatua nne kabla ya kaburi kishikio kiling'oka, jeneza likalala upande, likagonga ardhi. Mama alipiga ukelele ambao seremala aliendelea kuusikia hata usingizini.

Wiki moja baadaye karani akampigia simu.

"Fundi, umepata mlalamikaji wako wa kwanza. Mama mmoja mzee. Hela hataki. Anataka aliyelitengeneza aende akamtazame usoni."

"Si mwende nyinyi? Jina kwenye jeneza ni lenu."

"Kifungu cha kumi na moja, fundi. Ulitia sahihi mwenyewe, tena ukicheka."

Akaenda. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, kishikio mapajani. Alikiokota siku ile mchangani, na msumari wake mfupi ulikuwa bado umening'inia.

"Afadhali umekuja, baba," alisema. "Wameniahidi huyo fundi anakuja leo. Kaa hapa karibu nami, nisije nikaishiwa nguvu mbele yake."

Seremala hakukaa.

"Ameshafika, mama," akasema.