Ukoo na Swala

Nimetoka kwenye simu. Ngoja niseme vizuri, maana mama aliposikia hivyo alidhani nimefukuzwa kazi. Nimetoka kwenye meza ya simu, ile ya mlangoni ofisini kwa shangazi, na sasa nina kiti chenye mgongo na dirisha la kwangu. Lakini jinsi nilivyotoka ndiyo habari yenyewe.

Shangazi ana kampuni ndogo inayowapangia watu miadi ya zahanati za mji mzima: meno, macho, wajawazito, kila kitu. Asubuhi unafungua simu yako, unachagua siku, basi. Isipokuwa kila asubuhi seva yetu ilikuwa inazimia. Seva ni ile kompyuta kubwa inayohudumia watu wote kwa pamoja, na yetu ilikuwa imezeeka mpaka inakoroma. Ikizimia, watu wanapiga simu, na anayepokea ni mimi, mwenye shahada ya kompyuta, nikisema, "Pole mama, jaribu tena baada ya kidogo," mpaka ulimi unakauka.

Mitambo yenyewe anaishika binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tunamwita Injinia. Ni mkubwa kwangu na hachoki kunikumbusha.

Shangazi alipokubali kununua seva mpya, tukaanza kubishana palepale juu ya prosesa, yaani ubongo wa mashine. Injinia alitaka ile yenye viini sitini na vinne. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa, kwa hiyo hapo ni kama ukoo mzima umehamia kwenye kidude kinachoenea kiganjani. Tukaiita Ukoo. Mimi nilitaka yenye viini kumi na sita tu, ila kila kimoja kinakimbia karibu mara mbili ya vile vya Injinia. Hiyo tukaiita Swala.

"Sitini na vinne kwa kumi na sita," Injinia akasema. "Mdogo wangu, hata hesabu za chekechea zimekutoroka?"

"Wengi si lazima wafanye kazi nyingi, kaka. Ungekuwa umewahi kuosha vyombo kwenu ungejua."

Shangazi alikuwa amevua viatu chini ya meza, anasugua mguu mmoja kwa mwingine. "Azimeni zote mbili dukani, mzishindanishe. Ambaye prosesa yake itashinda atashika mitambo. Mwingine atapokea simu."

"Hata kama ni mimi?" Injinia akauliza.

"Kwani simu zinauma?"

Basi tangu hapo sikuwa na raha. Mitambo, au "pole mama" maisha yangu yote.

Duka likatuazima mashine mbili. Tukaziweka chumba cha nyuma, feni zinavuma mpaka hatusikilizani. Injinia akaandika kaprogramu ka kujifanya umati, wagonjwa hewa wanaogonga mlango wote kwa pamoja, tuone nani atazidiwa kwanza. Akawa anazunguka na karatasi ya sifa za Ukoo, ananisomea ukubwa wa kumbukumbu yake kama mshenga anayemsifia bwana harusi.

Tukaanza na Ukoo. Wagonjwa hewa wakamiminika, na punde tu ikaanza kusuasua kama ile ya zamani. Tukahamia Swala. Swala nayo mwisho ilikwama, lakini ilikuwa imehudumia karibu mara mbili ya wale wa Ukoo. Nikacheza palepale katikati ya kebo.

Injinia akakagua kebo moja. Akaikagua ileile tena. Halafu akatoka kwenda kuleta chai.

Mimi nikaona nisimwachie hivihivi. Nikafungua skrini inayoonyesha kila kiini kinafanya nini, nimpige picha Ukoo wake nitume kwenye kundi la familia. Weee. Kiini kimoja kimewaka chekundu mpaka juu, sitini na vitatu vimelala chini kabisa. Yaani mmoja anatwanga peke yake, ukoo uliobaki umekaa sebuleni unamwangalia. Nikacheka mpaka nikashika meza.

Halafu nikafungua ya Swala, na kicheko kikaisha. Kimoja chekundu, kumi na tano vimelala.

Kumbe tatizo halikuwa prosesa. Ni programu yetu ya miadi, ambayo Injinia aliiandika zamani mezani kwao jikoni, shangazi amesimama nyuma yake. Shangazi hapendi kurukwa kwenye foleni hata siku moja, kwa hiyo alimwambia watu wote wapange mstari mmoja. Mtoto mtiifu, akaweka mstari mmoja kwa zahanati zote. Mwenye jino anamsubiri mjamzito amalize kuchagua siku, mwenye macho yuko nyuma yao. Mstari mmoja, mhudumu mmoja. Swala ilishinda kwa sababu mhudumu wake mmoja ana mbio.

Nikaona na kinachofuata. Kila zahanati ikipewa mstari wake, ukoo wote utainuka sebuleni, na Swala wangu ataachwa mbali. Na mimi nitarudi kwenye simu.

Nilikuwa nimeshinda, jamani. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, kazi ambayo sijawahi kuiweza tangu nizaliwe. Labda ningejitahidi. Lakini Injinia akarudi na vikombe viwili, akaweka changu karibu yangu, akasema, "Hongera." Bila utani wowote. Iliniuma kuliko maneno yake yote ya mwaka mzima.

"Kaka, hebu angalia hapa."

Akaangalia muda mrefu. "Hii programu niliandika mimi."

"Najua. Inaonekana."

Tukaitenganisha mistari mchana huohuo, mimi naandika, yeye ananipumulia begani. Tukajaribu tena. Viini vyote vya Ukoo vikainuka kwa pamoja, na wagonjwa hewa wakaisha kabla sijameza chai. Swala naye aliongeza mwendo, maskini, lakini alikuwa anaangalia vumbi.

Shangazi akaja. "Nani?"

"Ukoo," Injinia akasema. "Kwa sababu huyu hajui kunyamaza." Akamweleza yote.

"Mmevunja mstari wangu?"

"Hakuna aliyerukwa, shangazi," nikasema. "Wa meno anamfuata wa meno. Kwani wanaingia mlango mmoja na wajawazito?"

Akafikiri. "Kwa hiyo miaka yote hii wa meno walikuwa wanasubiri wajawazito." Akamgeukia mwanawe.

"Si ulisema mwenyewe, mama."

"Na mitambo ni yako, nilishasema." Simu ya mlangoni ikalia. Nikainuka. "Wewe unakwenda wapi?"

"Kwenye simu, shangazi."

"Nilizungumzia mitambo. Programu sikuitaja. Kaa hapo uandike."

Akaenda kupokea mwenyewe, bila viatu. Tukamsikia: "Pole mama, jaribu..." Kisha akachungulia mlangoni, ameziba simu kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Hivi ndivyo wanavyokutukana kila siku?"

"Huyo mpole, shangazi," nikasema. "Subiri wa meno."