Mipira Miwili, Mfuko Mmoja

Haya alinisimulia Aldona Petrulis, jirani yangu, Jumatatu moja ya Agosti mwaka juzi, tulipokuwa jikoni kwake tukishindilia matango kwenye mitungi ya achari. Mumewe alikuwa ametoka kwenda kwa kinyozi, ndiyo maana alisema kwa sauti ya kawaida. Sehemu ya jioni niliiona mwenyewe, maana nilikuwa uani kwao siku ile, ila niliona bila kuelewa.

Mumewe ni Kazys. Ukikaa upande wetu huu wa kusini mwa Chicago huwezi kumkosa. Kofia nyeusi ya timu yetu ya besiboli haimtoki kichwani, iwe joto iwe theluji, na kanisani huivua akaiweka gotini ili nayo isikie neno la Mungu. Zamani alikuwa mwoka mikate. Siku hizi amestaafu, na kazi yake ni kuumia.

Mwaka ule timu yetu ilikuwa kichwa cha mwendawazimu. Kila timu ya nchi hii ilikuja kujifunzia kunyoa. Mipira ambayo mimi na goti langu bovu ningeidaka, wao waliidondosha. Kazys alisikiliza mechi redioni, redio ameipa kisogo, kwa kuwa aliamini akiitazama tu vijana wanaharibu.

Aldona akamwambia, "Baba Rūta, umewapa kisogo tangu msimu uanze na bado wanapigwa. Hebu jaribu kukaa chumba kingine."

Akaenda chumba kingine. Wakapigwa vilevile.

Sasa, kombe alikuwa ameshalikatia tamaa. Alibaki na haja moja tu maishani: kudaka mpira. Kwenye besiboli, mpira ukipigwa ukapaa ukaangukia kwa watazamaji, ni mali ya aliyeudaka. Anaondoka nao nyumbani, na hakuna wa kumwuliza. Wapo watoto wa chekechea wanao. Padri wetu anao, naye alikwenda uwanjani mara moja tu, tena alikuwa anasinzia ulipomwangukia mapajani. Kazys amekwenda uwanjani tangu ujana wake, na hajapata hata wa kuugusa kwa kidole. Hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Upande wa kaskazini mwa mji kuna watani wetu wa jadi, wenye timu yao na uwanja wao wa kizamani uliotambaliwa na majani ukutani. Rūta, binti pekee wa Kazys, aliolewa huko. Siku ya harusi Kazys alilia, na watu walidhani ni uchungu wa mzazi. Mkwe mwenyewe anaitwa Neil, kijana mrefu, mpole, ila ulimi wake haujui Jumapili. Kila akija kula huanzia mlangoni.

"Pole na msiba, baba."

"Msiba gani?"

"Nimesikia matokeo."

"Mkwe, vua viatu. Na maneno yako yaache hukohuko na viatu."

Basi ikafika Aldona anatimiza miaka sabini. Rūta akamuuliza anataka nini. Aldona akasema hataki keki wala hereni, anataka kitu kimoja: wote wanne wakae safu moja waangalie mchezo kama familia, na Kazys asiwape kisogo. Neil hakungoja aambiwe mara mbili. Akanunua tiketi za Jumamosi, mchana, kusini dhidi ya kaskazini. Ila mechi ilikuwa kule kwao.

"Mimi? Kule?" Kazys akasema. "Labda mnibebe nikiwa maiti."

"Tutakubeba," Aldona akasema. "Tiketi zimeshalipwa."

Wakaenda. Neil hukaa kwenye mabenchi ya wazi, nyuma ya ukuta wa mbali, jua linakupiga utosini, na wenzake wa benchi wanajuana miaka na miaka. Kiongozi wao ni mwanamke mmoja mnene, mcheshi, jina lake Darlene, mwenye sauti ya kusimamisha gari moshi. Alipoona kofia nyeusi akasogea akampisha.

"Karibu, babu. Usiogope, wagonjwa tunawapokea vizuri."

"Ugonjwa nimeuzoea, mama," Kazys akasema. "Daktari ndiye simtaki."

Darlene akacheka, akampa mafuta ya kupaka puani asiungue.

Watu wa kaskazini wana desturi yao. Mpira wa mgeni ukivuka ukuta, mgeni amepata alama, na ukiwaangukia wao, kwao ni mchafu. Aliyeudaka lazima autupe uwanjani, kama mtu anayetema kitu kichungu. Asipoutupa, benchi zima linamwimbia mpaka anyanyuke. Na anayeupokea wa kwanza wimbo ule, miaka yote, baada ya Darlene, ni Neil.

Mchezo ulikuwa kama ilivyokuwa kawaida yetu. Ngwe ya sita, yaani raundi ya sita kati ya tisa, tulikuwa nyuma tisa kwa sifuri. Kazys alikuwa ameacha hata kulalamika. Alivua kofia, akaigeuza, akawa anajifuta jasho. Ndipo kijana mmoja wetu, mgeni kwenye timu, hata jina lake Kazys alikuwa bado hajaweza kulitamka, akaupata mpira sawasawa na gongo. Ukapanda. Ukaendelea kupanda. Mabenchi yote yakasimama, mikono juu. Ukagonga kiti cha mbele, ukaruka, ukaingia ndani ya kofia ya Kazys kama yai kwenye kiota.

Aldona aliniambia, "Yeye hakuudaka. Ulimdaka yeye. Niliuona uso wake alipozaliwa Rūta, na nikauona juzi. Usiniulize upi uling'aa zaidi."

Kazys hakuwa na muda wa kuufurahia. Darlene akaanza, "Utupe," na benchi la nyuma likaitikia, na la nyuma yake, mpaka uwanja mzima ukawa unaimba neno moja. Utupe, utupe. Kazys akaukumbatia mpira kifuani. Akamtazama mkwewe. Neil, mwimbaji mkuu, alikuwa kimya, masikio mekundu kama nyanya.

Kisha Neil akainama, akatoa mpira mwingine mfukoni mwake. Wajanja wa pale huja na mpira wa akiba, ili bahati ikimwangukia mtu atupe ule mbovu abaki na ule mzuri.

"Kumbe hata wewe," Rūta akasema.

"Huu ni wa dharura tu."

"Si mpira wa mbwa wetu huu?"

"Rūta, mpenzi, si sasa."

Kazys akatikisa kichwa. "Huo ni udanganyifu. Mimi nitakaa nao, wacha waimbe mpaka wakauke koo."

"Kazys," Aldona akasema, "leo ni sikukuu yangu, na nyuma yangu kuna mtu ameinamisha glasi ya bia. Tupa kitu."

Basi Neil akauchomeka ule wa mbwa kwenye mfuko wa koti la Kazys, akamnong'oneza, "Ingiza mkono, acha wako, toa huu." Jambo rahisi. Kazys akaingiza mkono mfukoni na mpira wake. Akasimama juu ya benchi. Watu maelfu wanamtazama, na ndani ya mfuko mipira miwili inagongana. Akatoa mmoja, akaurusha. Mkono wa kukanda unga miaka yote ile si mkono wa mchezo. Mpira ulikwenda mbali sana.

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Darlene akampiga busu la shavu. Kazys akakaa, anatabasamu kichinichini kama mtoto aliyeiba sukari, akapeleka mkono mfukoni kuupapasa mpira wake.

Aldona anasema aliona tabasamu likifa polepole.

Akautoa. Ulikuwa wa kijivu, mshono umelegea, na alama za meno pande zote.

Rūta akajifunika mdomo. Aldona, Mungu amsamehe, ilibidi atazame ubao wa matokeo kwa nguvu zake zote asicheke, na kwa kuwa ubao wenyewe ulikuwa wa kusikitisha, ulimsaidia. Neil akaruka mabenchi mawili mpaka ukingoni mwa ukuta, akawa anamwita mchezaji wao aliye karibu.

"Kaka. Kaka yangu. Ule mpira, urudishe huku."

"Neil," Darlene akamwita, "jua limekuingia kichwani? Tumetupa, wewe unaomba urudi?"

Mabenchi yakamcheka, yeye aliyekuwa akiwachekesha. Lakini mpira ulikuwa umeshaokotwa na kutiwa kwenye mfuko pamoja na mingine. Neil akarudi mikono mitupu.

"Nimeutupa mwenyewe," Kazys akasema. "Kwa mkono huu. Kama wao."

Tulishindwa kumi na moja kwa moja. Hiyo moja ndiyo ile.

Balaa lenyewe lilikuwa limetangulia nyumbani. Televisheni ilikuwa imemwonyesha Kazys na kofia yake, kisha akiingiza mkono mfukoni, kisha akirusha. Mtaa mzima tuliona. Na sisi si wajinga. Tulijua mzee wetu amewachezea kiini macho watu wa kaskazini, ametupa takataka na mpira halisi uko naye. Simu ya Rūta ililia njia nzima. Watu walikuwa wameshajaa uani, kwa sababu Aldona alikuwa ametualika jioni kwa ajili ya sikukuu yake, na sasa kila mtu alitaka kuuona mpira.

Ndani ya gari Kazys alikaa mbele, kando ya Neil, mpira wa mbwa mapajani.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Kule uani wanajua ninao."

"Najua."

"Na wewe una la kunitania mpaka siku ya maziko yangu."

Neil alikuwa anatafuta upenyo kati ya malori. Aldona anasema ule ukimya ulimtisha kuliko utani.

Walipoingia uani tulipiga makofi kama kwa bwana harusi. Mimi nilikuwa karibu na meza ya viazi vilivyopondwa vikaokwa kwenye sinia. Ignacio, fundi magari wa ng'ambo ya barabara, akawa wa kwanza.

"Mzee Kazys, tuonyeshe. Leo umetutoa kimasomaso."

Kazys akautoa polepole, akauficha nusu kwa kiganja. Ignacio akauchukua, akaugeuza juani, akausogeza karibu na pua.

"Mbona kama umetafunwa?"

Kazys akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. Nilimwona Aldona anaminya kitambaa cha mezani, nikashangaa kwa nini. Wote tuligeuka kumtazama Neil, maana tulimfahamu. Nafasi kama ile hajawahi kuiacha ipite, awe mgonjwa au mzima. Alikuwa amesimama na sahani yake, mdomo umejaa. Akatafuna. Akameza.

"Nilikuwepo, Ignacio," akasema. "Yule kijana wenu aliupiga kwa hasira ya msimu mzima. Ukagonga chuma cha kiti mbele yangu, ukagonga cha pili, ndipo mzee akaudaka. Shukuruni umefika na ngozi."

"Viti vyenu vina meno?"

"Kwetu kila kitu kina meno. Ndiyo maana mkija mnarudi mmetafunwa."

Tulicheka sana. Ignacio alimrushia Neil tango. Kazys alicheka pia, amechelewa kidogo, macho yamelowa, na tulidhani ni furaha. Kisha akafanya jambo ambalo sisi majirani hatujawahi kuliona. Alikwenda kwenye sinia la viazi, akakata kile kipande cha pembeni kilichokauka vizuri, ambacho tangu tumfahamu hakumpa hata askofu, akakiweka kwenye sahani ya Neil.

"Kula, mwanangu."

"Kina sumu?"

"Kula kwanza."

Tuliondoka jua halijazama vizuri. Neil alikuwa amekunywa bia, Aldona akamkatalia usukani, basi wakabaki. Rūta akaenda kulala kwenye chumba chake cha usichana. Neil akajitupa kwenye kochi sebuleni, miguu ikapita mwisho wa kochi, akalala hapohapo. Aldona aliketi kwenye kiti cha pembeni, amevua viatu, jicho moja amelifumba na moja halijafumba.

Kazys akawasha redio, kwa sauti ndogo. Wataalamu walikuwa wanaichambua mechi. Mmoja akasema timu ya kusini ingemsajili yule babu aliyerusha mpira, angalau yeye anaufikisha. Wakacheka. Kazys akaipunguza zaidi, isije ikamwamsha mkwe. Akachukua blanketi lake jeusi lenye nembo ya timu yetu, akamfunika Neil mpaka kidevuni.

"Uamke na aibu," akamnong'oneza.

Kisha akakaa, redio mbele yake, akaitazama. Mpira ulikuwa kiganjani, upande wa meno umegeuziwa chini. Wataalamu wakaendelea kuhesabu makosa, na yalikuwa mengi. Kidevu kikashuka kifuani. Aldona akangoja mpaka vile vidole vilegee, akazima redio kwa kidole cha mguu, akafumba na lile jicho la pili.