Mafuta ya Cherehani

Saa tatu asubuhi nilichomeka flashi kwenye kompyuta, na kompyuta ikaniambia haiijui. Iliandika pembeni mwa skrini, kwa adabu zote, kwamba kifaa cha USB hakikutambuliwa. Flashi ile ile niliyoitumia jana kutwa. Nilitamani kuizaba kofi.

Ndani yake mlikuwa na tasnifu yangu: miaka mitatu ya kuandika jinsi ya kuwafundisha hesabu watoto wasioona vizuri, huku nikiendelea kufundisha darasa la watoto sitini. Chuo kilikuwa kimeniongezea muda mara mbili. Safari hii barua ilisema Jumamosi hiyo hiyo, saa sita kamili mchana, kwa barua pepe, na baada ya hapo jina langu linafutwa. Nakala nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma, haina sura ya mwisho. Usiniulize kwa nini. Wapwa zangu wakija huchezea kompyuta, kwa hiyo nilikuwa nafanyia kazi kwenye flashi moja kwa moja, na nilijiona mjanja.

Nikaichomoa, nikajaribu tundu la pili la mbele. Wapi. Nikainama nyuma ya kasha la kompyuta, nikachomeka huko. Taa yake ikawaka mara moja, ikazima, na ule ujumbe ukarudi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha upya. Inachukua dakika saba kuwaka, na dakika zote hizo mama, aliyeketi kwenye cherehani yake upande wa pili wa sebule, alikuwa akinitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hicho kidude..."

"Mama, nakuomba. Siyo sasa."

Akarudi kwenye pindo lake. Mama ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo karakana yake. Vipande vya uzi utavikuta hadi kwenye sukari. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajagusa kitambaa, huitia cherehani mafuta. Na kwa kuwa kopo likishafunguliwa huona tabu kulirudisha mapema, hupitia pia mkasi, bawaba za milango, kufuli na zipu za mikoba yetu. Nyumba nzima haina kitu kinacholia.

Nikampigia binamu yangu, fundi wa kompyuta. Akanielekeza nifungue orodha ya vifaa, nikakuta alama ya njano, nikaifuta, nikazima na kuwasha tena. Dakika saba nyingine. Akasema niangalie orodha ya diski, labda flashi imekosa herufi yake tu. Haikuwemo kabisa. Akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyonichefua, si aliwahi kuniambia niweke nakala mbili? Nikamkatia simu.

Saa nne na nusu nilivuka barabara kwenda duka la kuchapisha. Mwenye duka akaichomeka kwenye kompyuta yake mpya, akasubiri, akaigeuza, akaipuliza, akasubiri tena.

"Dada, hii imekufa," alisema, akanirudishia kwa vidole viwili.

Nilirudi nyumbani. Nikaitupa flashi kwenye meza ya mama, juu ya vitambaa, nikaketi sakafuni nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimlaumu binamu, nikamlaumu mwenye duka, nikawalaumu wapwa zangu ambao hata hawakuwepo.

Mama alizima cherehani.

"Mafuta yanaweza kuidhuru?" aliuliza.

Nikainua kichwa. Akaniambia kwamba kila siku anaona ninavyoisukuma ile flashi hadi kidole kinabadilika rangi. Basi alfajiri ya leo, kopo likiwa mkononi, alitia tone kwenye yale matundu mawili ya mbele, na tone jingine kwenye mdomo wa flashi yenyewe, kisha akaifuta kwa kitambaa cha flana.

"Nimekuwa nataka kukuambia tangu asubuhi," alisema.

Nikaitazama ndani kwenye mwanga wa dirisha. Vile vibati vyake vya shaba vilikuwa vimefunikwa na mafuta na manyoya ya flana. Nilifungua mdomo nimwambie maneno mabaya, na nashukuru hayakutoka. Yeye alikuwa ameshachukua chupa ya spiriti anayofutia madoa, na pamba. Alisafisha kwa ncha ya sindano iliyozungushiwa pamba, taratibu, kama anavyofumua mshono wa mtu. Tukaiacha ikauke. Nikachomeka tundu la nyuma.

Saa tano na dakika ishirini, faili likafunguka.

Mama akasogea aone alichokaribia kukiua. Ukurasa uliokuwa mbele yetu ulikuwa wa shukrani. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari: msimamizi wangu, mkutubi, mwalimu mkuu, binamu fundi, hata jirani aliyeniazima kiti. Kidole kilifika mwisho, kikakaa kidogo pale chini palipokuwa peupe.

"Watu wazuri hawa," alisema. "Wamekusaidia sana."

Akarudi kwenye cherehani yake akaendelea kushona. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Miaka mitatu nimeandikia chumba kimoja naye, nimekula alichopika kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kitambaa, na sikumkumbuka.

Nilikuwa na nusu saa. Niliandika sentensi, nikaifuta. Nikaandika nyingine yenye maneno makubwa ya chuoni, nikaifuta nayo. Saa sita kasoro dakika nne niliacha kujifanya msomi, nikaandika kama ilivyo, nikatuma.

Kisha nikamsomea, kwa sauti ya kushinda cherehani: "Na mama yangu, ambaye hutia mafuta kila ninachokishika, na ambaye mara nyingi nimemwambia siyo sasa."

Cherehani ikanyamaza.