Wasifu Ulioamka Kabla Yangu

Usiku wa jana niliota nimechelewa kuamka, na wasifu wangu ulikuwa umeshaoga.

Niliukuta sebuleni kwa dada, umesimama kando ya meza, unajipiga pasi kifuani. Ulikuwa na kimo changu, mweupe, mwembamba, umevaa tai. Ulipogeuka ubavu sikuuona kabisa.

Niseme mapema kwamba huo wasifu naufahamu. Mimi ni Tusekile Mwaisumo. Nilikuwa mtunza ghala wa kampuni ya mafuta ya alizeti hapa Mbeya kwa miaka mitano, mpaka kampuni ilipofungwa. Tangu hapo ni miaka miwili natafuta kazi. Juzi shemeji Lusajo, mume wa dada, aliniandikia wasifu upya kwenye kompyuta ya ofisini kwao, kwa ajili ya nafasi ya mtunza ghala kwenye kampuni ya mbegu. Alisema waajiri hupokea wasifu mia mbili kwa nafasi moja, kwa hiyo wa kwangu lazima usimame.

Sasa umesimama.

"Kumbe umeamka," uliniambia bila kunitazama. "Nilitaka kwenda peke yangu."

"Wapi?"

"Kwenye usaili wa kazi yetu."

Hilo neno "yetu" sikulipenda. Kikombe changu cha chai kilikuwa mezani, kitupu. Nikakiuliza ni nani aliyekinywea. Kikombe kikajibu kwamba kimeagizwa kisizungumze na mimi.

Nilivaa haraka nikaufuata. Nilipofungua mlango wa mbele sikuona barabara ya mtaani kwetu. Niliona geti la kampuni ya mbegu, na mlinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika tangazo la kazi.

"Maneno," anasema mlinzi.

Wasifu unakohoa kidogo. "Mchapakazi," unasema. Geti linasogea kidogo. "Mwaminifu." Linasogea tena. "Mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo."

Geti linafunguka upana wa karatasi moja. Wasifu unapita kiubavu, unaondoka bila kugeuka nyuma. Mimi nabaki nje.

"Na wewe, dada?" mlinzi aliniuliza.

"Mimi ndiye mwenye huo wasifu."

"Wote husema hivyo." Alisoma tangazo, akanisoma mimi, akarudi kwenye tangazo. "Umesema unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo?"

"Wasifu ndio uliosema."

"Umeandikwa kwa jina la nani?"

Mlinzi akaninyanyulia gunia la mahindi, akalitua mgongoni kwangu, akafungua geti lote. Gunia likaninong'oneza nipinde magoti, nisipinde mgongo. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia vibarua ghalani, na nilishangaa limejuaje.

Ndani kulikuwa na ukumbi. Mwanamume mwenye koti jeupe alisimama juu ya ngazi ameshika chujio kubwa kama paa la nyumba. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba maombi ya kazi hupitia mchujo, ila sikuwahi kuuona. Wasifu zote mia mbili zilimiminwa humo, naye akawa anazitikisa. Nyingine zilidondoka chini, zikajikung'uta na kuingia chumba cha pili. Nyingine zilibaki juu kama majani ya chai.

Wa kwangu ulinasa katikati. Shemeji aliujaza maneno mengi. Niliuona ukibana tumbo, ukivuta pumzi, ukijipenyeza kidogo kidogo, kisha ukadondoka upande wa pili. Ulipokuwa unainuka ulinitupia jicho kuona kama nimeuona. Nikajifanya sikuuona.

Mimi hakuna aliyenichuja. Nilipanda ngazi za kawaida. Kijana mmoja wa rika la shemeji alikuwa ameketi ngazini, amekumbatia vyeti vyake.

"Unaufuata wa kwako?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Mimi naufuata wa kwangu tangu Machi. Wa kwako huwa unakuita?"

"Hapana."

"Wa kwangu mwanzoni ulikuwa unaniita," alisema, akasogea kando ili nipite.

Chumba cha usaili kilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Aliyekaa katikati alikuwa mama mwenye miwani, na mbele yake kibao kimeandikwa Mwenyekiti. Wasifu wangu ulikuwa umekaa kwenye kiti, umekunja nne. Mimi sikuwekewa kiti. Nilisimama ukutani na gunia langu.

"Tunautazama kwa sekunde sita," alisema Mwenyekiti. "Hatuna zaidi."

Wanahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Wasifu unanyoosha tai. Tatu. Nne. Wasifu unatabasamu, na hapo ndipo ulipokosea.

"Simamisheni hesabu," alisema Mwenyekiti. "Hilo pengo ni la nini?"

Katikati ya meno ya chini kulikuwa na pengo lenye upana wa miaka miwili. Hata mimi sikujua kama linaonekana kiasi hicho.

"Si pengo," wasifu ulijibu, umefunika mdomo. "Nilikuwa mshauri elekezi."

"Wa nani?"

"Wa sekta mbalimbali."

Maneno hayo ni ya shemeji. Alipoyaandika nilimwuliza maana yake, akasema kila mtu huandika hivyo. Nikaacha yabaki. Ukweli ni kwamba miaka hiyo miwili nilipika uji wa ulezi, nikauuza kwa mafundi wa gereji moja karibu na soko. Nilipomwona mtu niliyefanya naye kazi zamani, nilisogea mbali na sufuria nikajifanya namsubiri mtu.

Mwenyekiti aliinuka, akawasha tochi ya simu, akachungulia kwenye lile pengo.

"Humu kuna moshi," aliwaambia wenzake. "Na kuna mtu anakoroga kitu. Waiteni marefa."

Kwenye wasifu huwa tunaandika watu watatu wa kututhibitisha, na wote tunawaita marefa. Wangu waliingia wakikimbia kinyumenyume, wamevaa kaptura nyeusi na soksi ndefu, firimbi shingoni. Wawili sikuwatambua, na hilo lilinitia shaka. Wa tatu alikuwa Mzee Mgaya, bosi wangu wa ghalani, yule aliyenifundisha kazi. Amestaafu sasa, analima viazi Njombe. Magoti yake yalikuwa na vumbi.

"Mzee, waambie unanifahamu," wasifu ulimwambia.

Mzee Mgaya aliutazama, akanitazama na mimi.

"Wewe sikufahamu," aliuambia. "Huyo mwenye gunia namfahamu."

Akapuliza firimbi kwa muda mrefu mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi ya njano. Nilijua anaupa wasifu. Akapita mbele yake, akaja mpaka ukutani, akainyanyua juu ya kichwa changu.

"Mbona mimi, mzee?"

"Yule ni karatasi, mwanangu. Karatasi haijiandiki."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma.

Nilipotua gunia ili nijitetee, sakafu ilikuwa oili iliyomwagika. Tuko gereji. Ni asubuhi, kuna baridi, na mbele yangu sufuria inachemka. Mwenyekiti na wenzake wamekaa juu ya matairi, kila mmoja na kikombe. Wasifu wangu umesimama mbali, umejikunyata usichafuke.

"Huyu mama muuza uji ni nani?" Mwenyekiti anauuliza.

"Simjui," wasifu unajibu. "Nadhani ni mpita njia."

Nitasema kweli. Niliendelea kukoroga uji. Nilipiga hesabu kwamba ukipata kazi wenyewe, huenda ukanishika mkono tukaingia wote. Halafu nikamkumbuka yule kijana wa ngazini.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye Tusekile. Uji ni wangu."

Mwenyekiti akafungua daftari. "Unga uliwahi kukuharibikia?"

"Hapana. Ulioingia kwanza ulitoka kwanza."

"Mvua ikinyesha?"

"Napunguza sufuria moja. Mafundi hawafiki kabla ya saa tatu."

"Nani hawekewi sukari?"

"Fundi rangi, na yule wa matairi. Vikombe vyao nimevifunga uzi mwekundu."

"Nani alikuambia uweke uzi?"

"Hakuna. Niliona siku moja nimekosea, fundi rangi akaugua. Sikutaka kukosea tena."

Aliandika yote. Kila alipoandika mstari, wasifu wangu ulipungua. Tai ilianguka kwenye oili. Ulipobaki na kimo cha mtoto ulinijia, ukanivuta kanga.

"Tungefika mbali," uliniambia.

"Wewe ungefika," nikaujibu.

Ukajilaza kwenye kiganja changu, kurasa mbili, ukatulia. Mwenyekiti akamaliza uji wake, akarudisha kikombe.

"Tutakupigia," alisema.

"Simu?" nikauliza, maana kufikia hapo sikuamini neno la mtu.

"Tutaona," alisema, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Dada alikuwa anafagia uani. Wasifu ulikuwa mezani, umelala chali, na maombi mwisho wake ni leo saa tisa alasiri. Nilikaa nikautazama kama robo saa. Haukutikisika. Kwenye ukurasa wa kwanza bado kulikuwa kumeandikwa mshauri elekezi.

Nilichukua kalamu nikakata mstari huo. Pembeni nikaandika: Nilipika na kuuza uji, miaka miwili. Shemeji alitoka bafuni na taulo begani, akasimama nyuma yangu.

"Shemeji, unajiharibia," alisema. "Nani atamwajiri muuza uji kwenye ghala?"

"Mwenye ghala labda, shemeji. Nitapita steshenari wanichapie upya."

Alitikisa kichwa akaenda kuvaa.

Kisha nikampigia Mzee Mgaya, kwa sababu tangu jina lake liwekwe kwenye wasifu sikuwa nimemwomba ruhusa. Aliitika haraka. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, kifua kimebana. Nimeamka sina pumzi kabisa."

Nilimpa pole. Nikamweleza habari ya nafasi ile, na kwamba huenda wakamuuliza juu yangu. Halafu nikamwambia kuhusu uji, ila ndoto sikuitaja. Sikuwahi kumwambia mtu wa ghalani. Nilisema haraka haraka nikiwa nimefumba macho, nikasubiri acheke.

Hakucheka. Nilimsikia akinywa maji.

"Wakinipigia nitawaambia hivyo hivyo," alisema. "Ila Tusekile, ile kadi ya njano usiiweke moyoni. Ningempa hata mwanangu wa kumzaa."