Mwenye Kiti Hajaja

Usiku wa jana niliota nimeitwa kikaoni, na nilipofika nilikuwa bado nimechoka. Watu wengine wakilala hupumzika. Mimi hupangiwa zamu nyingine.

Nieleze kwanza, maana nikianza katikati mtasema nimechanganyikiwa. Mchana mimi hupokea simu za malalamiko kwenye kampuni moja hapa Tanga. Tangu asubuhi nimevaa vidude masikioni, nawaambia watu wanaonitukana, "Nakusikiliza, mteja." Nikirudi nyumbani jioni sina sikio la mtu yeyote.

Na nina binti, Tunu, darasa la tatu. Tunu hatulii. Umtume chumvi dukani, anarudi na habari ndefu za paka wa jirani, chumvi hana. Atavaa soksi moja, halafu aende kuangalia mvua. Mwalimu wake, Mwalimu Shemndolwa, aliniita akaniambia kwa upole kwamba huenda mtoto ana upungufu wa umakini, kwamba ni hali inayojulikana, nimpeleke kwa daktari akaangaliwe. Wifi yangu Mwanahamisi, dada wa mume wangu, aliposikia akacheka. Hakuna kitu kama hicho, akasema, ni simu na katuni tu, mbona sisi hatukuwa na ugonjwa huo? Akaamua kwamba kesho yake asubuhi atakuja kumchukua ampeleke kwao Mlalo, huko milimani kwenye ukimya, asome huko mpaka akili imkae. Mume wangu yuko Mtwara kikazi. Nilipompigia alisema, "Elewaneni tu."

Nami nilichoka kubisha. Nikasema sawa. Nikafunga begi la mtoto, nikalala nikilia.

Sasa ndoto. Kikao kilikuwa darasani kwa akina Tunu, na mlangoni niliambiwa kinaamua jambo moja: ugonjwa wa mwanangu upo au haupo. Naingia. Mbele, pale anapokaa mwenyekiti, kuna kiti. Kiti cha mbao cha mwanafunzi, mguu mmoja umepigwa msumari.

"Shikamoo, mwenyekiti," nasema.

"Marahaba," kinajibu. "Ila mimi si mwenyekiti. Mimi ni kiti. Mwenye kiti hajaja."

"Atakuja saa ngapi?"

"Mama, mimi ni kiti. Mambo ya kwenda na kuja ninayajulia wapi?"

Nikaona kinasema kweli. Nikakaa sakafuni kwa sababu sikuwa na uso wa kukikalia.

Ubao ukakohoa vumbi la chaki, ukasema ajenda ni moja tu, upungufu wa umakini, na kwa kuwa tumechelewa tusipotezeane muda. Halafu ukaita kwa sauti kubwa, "Upo?"

"Nipo," nikaitika.

Darasa zima likapiga kelele. Madawati yakagongana. Ubao ukasema, "Iandikwe kwamba upungufu umeulizwa kama upo, nao umejibu wenyewe kwa mdomo wake kwamba upo."

"Jamani, mimi ni Mama Tunu," nasema. "Nilidhani unanisalimia."

"Kwa hiyo wewe si upungufu?"

"Mimi si upungufu."

"Kwa hiyo upungufu haupo."

"Sijasema haupo."

"Basi upo?"

"Nipo," nikasema tena, neno lilinitoka tu, na kelele zikaanza upya. Ikabidi ubao ujifute wenyewe ili tuanze mwanzo.

Akaitwa shahidi. Aliingia mbuzi jike, mzee, amejitanda khanga, akasalimia kila dawati. Alijitambulisha kuwa mbuzi wa Mzee Hoza wa Mlalo. Huyo Mzee Hoza namjua kwa kusikia: ni babu yake wifi yangu, alifariki zamani sana.

"Hoza alikuwa akituchunga alipokuwa mtoto," mbuzi anasema. "Anatutoa asubuhi vizuri tu. Akiona kinyonga, anamfuata kinyonga. Akisikia ndege, anamfuata ndege. Jioni anarudi nyumbani na panzi mzuri sana mkononi, sisi ametuacha msituni na chui."

"Pole," nikasema. "Ila wewe ulipona."

Mbuzi ananitazama kwa huruma. "Nimeitwa hapa kama marehemu, mama."

Ubao ukamuuliza kama wakati huo Mlalo kulikuwa na simu.

"Hata barabara haikuwepo. Kulikuwa na ukungu na sisi."

"Na watu walimwitaje Hoza?"

"Mzembe. Alichapwa mpaka siku aliyooa." Mbuzi akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Alikuwa mchungaji mbaya kuliko wote, na tulimpenda. Alikuwa akituambia habari ambazo hakuna mbuzi mwingine aliyezipata."

Nikaanza kupata nguvu kidogo. Nikasema moyoni, haya, mambo yameisha, ugonjwa upo tangu enzi za chui, nikalale. Lakini simu yangu, ile ile yenye kioo kilichopasuka, ikatoka mkobani ikapanda juu ya dawati bila kuruhusiwa.

"Nami nisikilizwe, maana nimesingiziwa vya kutosha," simu inasema. "Kuiba naiba, sikatai. Naiba jioni nzima ya mtu mzima na bado ananiwekea chaji. Huyu mama mwenyewe juzi mtoto alikuwa anamweleza jambo, yeye anaangalia watu wasiomjua wakikaanga samaki."

"Nilikuwa napumzika," nikasema.

"Umeona? Hata jambo lenyewe hulikumbuki."

Sikulikumbuka. Niliona aibu, na nikachukia kutiwa aibu na kitu nilichokinunua mwenyewe.

"Lakini mimi mtu akinizima, akili yake hurudi," simu ikaendelea. "Yule mtoto akinizima, akili inahamia kwenye ufa wa ukuta. Tukiwaita wote jina moja, huyu mama na yule mtoto, tutakosea dawa."

Hapo darasa likawa ofisi yetu. Hakuna aliyeshangaa. Nimevaa vidude vyangu masikioni, mbuzi yuko kwenye laini, nami nasema, "Nakusikiliza, mteja." Mbuzi anaeleza tena habari za msituni, safari hii anasema jambo muhimu, naliona kabisa kwamba ni muhimu.

"Mama Tunu!" linaita pangaboi juu ya kichwa changu. "Nitazame ninavyozunguka."

Natazama.

"Mama Tunu," kinasema kifungo cha blauzi yangu. "Nimelegea."

Nakikaza. Chaki inaniita kutoka ilikoanguka. Nzi ananiita kwa jina langu la utotoni, sijui alilijulia wapi. Waya wa simu, kalamu, doa la chai mezani, vyote vinaniita, tena kwa adabu, kila kimoja kana kwamba ndicho peke yake duniani.

"Nimesema nini sasa hivi?" mbuzi anauliza.

"Samahani mteja, rudia."

"Hunisikilizi. Wewe ni mzembe."

"Sio mzembe!" nikafoka, nikavua vidude nikavitupa. "Mnaniita wote kwa mpigo! Mtu ana masikio mawili tu, mnataka ayagawe vipi?"

Pangaboi likasimama. Tukawa darasani tena, na kile kiti cha mbao kikageuka taratibu kunitazama, ingawa sijui kilinitazama na nini.

"Kikao hakiwezi kuamua," kikasema. "Mwenye kiti hajaja. Nenda kamwite."

"Nikamwite nani?"

"Mtoto wako. Mimi ni kiti chake. Amenikalia mwaka mzima, kidogo kidogo. Mnajadili ugonjwa wake upo au haupo, na hakuna aliyekwenda kumuuliza."

Nilifungua mlango wa darasa, na nje ni Mlalo. Milima, ukungu, migomba, hakuna hata waya wa umeme. Kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo langu. Na Tunu yuko huko, na sare za shule na soksi moja, anakimbia.

Anakimbia mpaka kwenye jiwe, anasimama. "Abee!" analiambia. Anageuka ghafla kwenye jani la mgomba. "Abee!" Kabla hajalifikia anageukia bomba la maji. "Abee, nakuja!"

"Tunu!" naita.

"Abee, Mama!" Anakuja kwangu mbio, uso umejaa furaha. Njiani anapita kigogo chenye siafu. Anasimama. "Abee," anakiambia, na mimi nimesahaulika.

Siku nyingine yoyote ningepiga kelele. Ila miguu ilikuwa inaniuma hata ndotoni, nikaona afadhali nimfuate. Nikachuchumaa karibu naye.

"Unamwitika nani, mwanangu?"

"Wote. Jiwe, majani, hawa siafu. Wananiita."

"Wanakuita huku? Huku si kumetulia?"

"Kukitulia ndiyo wanasikika vizuri, Mama."

"Basi usiwaitike."

Tunu alinitazama kama niliyemwambia aibe. "Si wewe ndiye uliyenifundisha? Ulisema mtoto akiitwa anaitika abee na anakwenda, hamfanyi mtu aite mara mbili."

Nililia pale pale, sikujificha. Mtoto huyu nimemwambia hana adabu mbele ya majirani, mbele ya wifi, mbele ya walimu. Kumbe ni yeye mwenye adabu kuliko watoto wote wa Tanga, ameitika kila kilichomwita tangu asubuhi na hajapata nafasi ya kukaa.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Nimechoka, Mama," akasema, kwa sauti ile ninayoitumia mimi nikivua viatu jioni. Hakuwahi kuniambia. Au aliwahi, na nilikuwa naangalia samaki.

Tukakaa juu ya lile jiwe. Jiwe likasema, "Karibuni," likanyamaza, lilionekana nalo limechoka. Nikamuuliza Tunu lile lililonileta, maana kikao kilikuwa kinasubiri: huu ni ugonjwa, au ni dunia ya siku hizi ina kelele?

Tunu akafikiri sana. "Sijui, Mama. Mimi niko darasa la tatu."

"Haya, unataka nini?"

"Niite kwa karibu. Ukiniita kutoka jikoni, sauti yako inakuja pamoja na za hao wengine, sijui nianze na nani. Nishike bega kwanza, halafu useme." Akaangalia ukungu. "Huku shangazi ana mashamba, hana muda. Nani atanishika bega?"

Nilitaka kumjibu, lakini mlima ukaanza kugongwa. Unagongwa kwa kitasa, ngo, ngo, ngo, na mlima unasema, "Hodi, hodi, jamani bado mmelala?"

Nikafumbua macho. Kumekucha, na wifi yuko mlangoni.

Nilimfungulia, nikamwamkia, akaniitikia huku macho yake yanatafuta begi. Tunu alikuwa ameamka kabla yangu, yuko jikoni kwenye kigoda anakunywa chai aliyojipikia, ameipa mgongo sufuria iliyobaki juu ya jiko inachemka.

"Haya, tumvalishe viatu," wifi akasema. "Gari la Lushoto halisubiri mtu."

"Dada, Tunu haendi."

"Haendi vipi? Jana si ulikubali?"

"Jana nilikuwa nimechoka. Leo pia nimechoka, tena sana, lakini haendi. Nitampeleka kwa daktari kama mwalimu alivyosema. Na simu nitazipunguza humu ndani, nikianza na yangu. Lakini atakaa hapa na mimi."

Wifi akaweka mkoba wake mezani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu najua anampenda mtoto kwa namna yake. "Wifi yangu," akasema, "yaani na wewe umeshaamini huo ugonjwa upo?"

"Sijui kama upo, dada. Mtoto yupo."

Akavuta kiti akaanza kunisomea. Watoto wa mjini wanavyodekezwa, katuni zinavyoharibu ubongo, kaka yake atakavyosikitika. Mengine yalikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni, nimeamua kwamba leo atasema mpaka amalize na sitajibizana naye.

Ndipo nyuma ya sauti yake, kutoka kwenye jiko, kifuniko cha sufuria kikacheza na mvuke na kusema kwa sauti ndogo sana, lakini kwa adabu, "Tunu."

Tunu akaweka kikombe chini. "Abee," akasema, akageuka.

Wifi akapiga mikono yake mapajani. "Umeona? Umeona mambo yake? Nani kamwita?"

Nilikwenda nikachuchumaa, nikamshika mwanangu bega.

"Ni kifuniko," nikamwambia. "Hata mimi nimekisikia. Kunywa chai."