Asilimia Sitini na Nane

Nimefanya kazi nyingi: melini, kiwanda cha bia, kupuliza vioo kule Aarhus. Ya mwisho ilikuwa maabara ya mwanga hapa Kopenhagen. Waliniajiri kwa sababu mikono yangu haitetemeki. Kazi yenyewe ilikuwa kuusogeza uzi wa kioo wenye ncha kali hadi ubavuni mwa mfereji wa mwanga, kitu kinachoning'inia hewani, chembamba kuliko unywele mara mia mbili. Ndani ya mfereji imo chembe moja inayotoa mwanga punje kwa punje. Shida ni pale vinapokutana: mwanga mwingi hupotea kabla haujaingia kwenye uzi.

Mfereji ule aliutengeneza Torkild, aliyemfundisha bosi wangu Vibeke. Ulikuwa wa mwisho, maana tanuri lake la kutengenezea mifereji lilishafunguliwa likagawanywa vipande. Sasa mikono yake ilikuwa inacheza kwa maradhi, na Ijumaa ya wiki hiyo mchana angehamia kwa binti yake, mbali huko Jutland. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka: auone mfereji wake ukiupa uzi asilimia themanini ya mwanga.

Alhamisi, mimi na Vibeke tulifika asilimia sitini na nane.

"Inatosha," Vibeke akasema. "Acha, Eskild, ukanywe kahawa."

"Themanini iko hapo hapo. Naiona," nikasema.

Nikazungusha skrubu kidogo sana. Uzi ukaugusa mfereji, ukanata. Vitu vidogo namna ile vikigusana haviachani. Nilipourudisha uzi, mfereji ukakatika ukaja nao.

Vibeke hakunigombeza. Aliniomba tu tusimwambie Torkild. Tumpe karatasi ya matokeo, ile ya sitini na nane, aende zake roho ikiwa imetulia.

Sasa, kwetu pale aliyevunja kitu huleta keki Ijumaa. Nimeshaleta kwa ajili ya lenzi, kwa ajili ya pampu. Asubuhi ya Ijumaa ile miguu ilinipeleka kwa mwoka mikate kabla kichwa hakijaamka. Keki iko mezani tayari, Torkild akaingia na mkongojo wake.

"Eskild, mkono wa tofali wewe," akasema, anacheka. "Umevunja nini tena?"

Vibeke aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

Torkild akatutazama mmoja mmoja. Akaketi.

"Mlifika ngapi?"

"Sitini na nane," nikasema.

"Nawe ukataka zaidi."

"Nilitaka uione."

Akaomba nimpeleke kwenye mtambo. Akaweka vidole juu ya skrubu, vinatetemeka, akaizungusha polepole, macho kwenye skrini. Mstari wa mwanga ulikuwa umelala kwenye sifuri, maana mfereji haukuwepo tena. Akazungusha upande wa pili. Vibeke akatoka nje. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, sikumzuia, naye akaendelea kutafuta mpaka teksi yake ilipofika.