Theluji Aliyoisukuma Jaji Rummel

Usiniambie hukumwona. Jana, Jumamosi, ulikuwa kwenye foleni ya kuku wa kuchoma katika ukumbi wa zimamoto, sahani mkononi, na Arlene Shaulis alikuwa watu watatu mbele yako. Ulimwona akifika mezani. Ulimwona na aliyekuwa akipakua viazi, aproni nyeupe kifuani, mikono ya shati imekunjwa: Jaji Wendell Rummel. Hapo hapo sahani yako tupu ikawa na kitu cha kutazama.

Siku mbili kabla, jaji huyo alikuwa ameamua kwamba njia inayopita kati ya nyumba ya Arlene na zizi lake ni barabara ya umma, kwa hiyo kampuni ya machimbo ya mawe iipanue na kupitisha malori yake. Arlene ana miaka sabini na minne na ng'ombe wa maziwa ishirini na wanane. Chemchemi wanayokunywa iko hatua nne kutoka kwenye njia hiyo. Ikifukiwa, ng'ombe wanauzwa. Wakiuzwa, shamba limekwisha.

"Nikuongezee, Arlene?" jaji akamwuliza, mwiko juu.

"Ulishanipakulia Alhamisi, Wendell. Bado vimenikwama hapa," akajibu, akajigusa kooni.

Jaji akacheka, akatupa macho nyuma yake. "Haya, nani mwingine ana njaa?"

Na wewe ukasogeza sahani.

Mimi sisahau. Namkumbuka Rummel wa mwaka 1991, kiwakili chenye kiti kimoja cha mteja, akigombea udiwani. Hakuwa na maneno ya maana. Alichokitaka ni ufunguo wa greda la kata, na alipoupata hakumwachia mtu. Udiwani wa huku kwetu ni theluji na changarawe. Kila alfajiri ya theluji alikuwa akiacha barabara kuu, anaingia kwenye njia za watu binafsi, anasukuma mpaka barazani, anapiga honi, anapunga mkono. Ilikuwa hisani, na kila mtu alijua inalipwa kwa kura, maana waliompinga walibaki na makoleo yao hadi saa sita mchana. Akaenda hivyo miaka ishirini na miwili. Alipoutaka ujaji, ambao huku kwetu nao hupigiwa kura, hakuna aliyesimama dhidi yake. Ungesimamaje dhidi ya mtu aliyekufukulia gari?

Januari ya 1996 Floyd, mume wa Arlene, alishikwa na moyo asubuhi, na greda la Rummel ndilo lililotangulia mbele ya ambulensi. Floyd alifia hospitali, lakini mjane hakusahau greda lile. Kwa hiyo kesi ya njia ilipoangukia kwa Rummel, wakili wa Arlene, Bi. Petrosky, alimsihi aombe jaji ajiondoe kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Alimweleza kwamba mtu aliyeisafisha njia hiyo kwa mikono yake ni shahidi, hawezi kuwa jaji. Arlene akakataa katakata.

"Huyu alimfungulia Floyd njia," alisema. "Nitamwambiaje usoni kwamba simwamini?"

Ndio ugonjwa wetu huo. Ukisukumiwa theluji mara moja, unaona haya maisha yako yote. Na sheria haina haya: usipopinga mapema, umekubali.

Basi sikiliza alichokifanya Rummel. Kwa sheria yetu, njia ikitumiwa na watu na kutunzwa na kata kwa miaka ishirini na moja, inakuwa ya umma. Kampuni ikaleta ushahidi wa matunzo: madaftari ya greda, safari kwa safari, kila ukurasa umetiwa saini W. Rummel. Yule bwana akakaa juu na joho lake, akafungua mwandiko wake mwenyewe, akausoma taratibu kama ameletewa kutoka nchi ya mbali.

"Mahakama imeridhika kwamba kumbukumbu hizi ni za kuaminika," akasema.

Nilikuwa benchi la pili. Nikainuka, nikatoka nje.

Sasa nifike kwako. Machi 2004 kalvati la njia ile lilibomoka, na Arlene akaja kwenye mkutano wa kata kuomba bomba jipya. Rummel alimjibu mbele yetu sote.

"Hiyo njia ni yenu, Arlene. Kata haiwezi kuweka hata senti kwenye njia ya mtu binafsi."

Sentensi hiyo ndiyo inayoivunja hukumu yote. Nimekwenda ofisi ya kata kuitafuta. Kitabu cha mihtasari kinatoka Februari kinarukia Aprili. Karani akaniambia labda ni panya. Panya gani huyo anayejua kusoma tarehe!

Tulikuwa tisa kwenye vile viti vya kukunja, ukimwacha Rummel. Wanne wamekufa. Wawili wamehamia Florida na simu hawapokei. Arlene neno lake ni la mdai. Mimi nimeshaapa na kutia saini, na watasema ni mzee mwenye chuki, jambo ambalo ni kweli. Amebaki mmoja tu, aliyekaa karibu na hita, na huyo ni wewe.

Najua mwanao ana kesi ya kuendesha amelewa, na Desemba atasimama mbele ya Rummel huyohuyo. Sikwambii usiogope. Nakwambia kwamba hofu yako ndiyo anayoitegemea, kama alivyotegemea shukrani ya Arlene.

Ombi la kusikilizwa upya lazima lifike kwa karani wa mahakama kesho Jumatatu kabla ya saa kumi na nusu jioni. Rummel atalikataa, lakini faili litapanda kwa majaji wa rufaa, na wale watasoma tu kilichomo ndani yake. Bi. Petrosky yuko ofisini kwake sasa hivi, juu ya kinyozi, Jumapili hii, na muhuri wa kiapo uko mezani. Vaa koti. Panda ngazi zile leo, umwambie ulichokisikia kwa masikio yako, utie saini.